WAMEONA NINI NYUMBANI MWAKO?

Somo: Isaya, mlango wa 39



Mwezi wa Septemba una siku mbili ambazo ni nadra watu kuzitaja pamoja. Tarehe 27 ni Siku ya Utalii Duniani, inayoadhimishwa kila mwaka tangu 1980. Tarehe 29 ni sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote. Mwenye kuukumbuka Waraka kwa Waebrania, mlango wa 13, ataona kwamba siku hizo zimekaribiana kwa maana pia. Pale tunaonywa tusisahau kuwakaribisha wageni, kwa kuwa wako watu waliowakaribisha malaika bila kujua.

Sisi tuishio Unguja hatuwezi kuwasahau wageni hata tukitaka. Twawakuta katika vichochoro vya Mji Mkongwe, twapanda nao daladala, na kila siku ya Mungu wanaingia katika Kanisa Kuu letu la Mkunazini. Mwaka 2019 visiwa vyetu vilipokea wageni zaidi ya 500,000, na mwaka 2024 walizidi 700,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 1,889,773 katika Zanzibar nzima. Jambo kubwa namna hii haliwezi kuachiwa wenye mahoteli na maofisa peke yao. Hapana budi Mkristo naye aliangalie mbele ya Neno la Mungu, aulize: Je, mambo haya yanakwenda sawasawa na mapenzi ya Mwenyezi Mungu?

Hatuandiki haya ili kulaani utalii. Ibrahimu alipowaona watu watatu karibu na mialoni ya Mamre alipiga mbio kuwalaki, akawapa maji ya kunawa miguu, mkate na nyama, naye akabarikiwa. Wazee wetu nao wana neno lao: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli wako wenyeji waliopona. Bei ya karafuu katika soko la dunia ilipoporomoka katika miaka ya 1980, Serikali ilitafuta njia nyingine ya kuwalisha watu, na mlango wa utalii ukafunguliwa. Tangu hapo wako vijana wetu waliopata kazi ya upishi, ya udereva na ya kuongoza wageni. Wako wazazi waliolipa ada za skuli kwa fedha ya samaki na mboga zilizouzwa hotelini. Mji Mkongwe uliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na majumba kadhaa yaliyokuwa yakibomoka yakapata wa kuyatengeneza. Asiyeshukuru kwa haya atakuwa amekosa adabu kwa Mungu na kwa wanadamu.

Lakini ule msemo wa wazee una sehemu mbili, nasi tumezoea kuimba ile ya kwanza tu. Mgeni amekuja, hilo twaliona. Je, mwenyeji amepona? Ili kulijibu swali hilo, tumfuate Mfalme Hezekia.

Hezekia alikuwa mfalme mwema. Aliugua karibu ya kufa, akaomba kwa machozi, Mungu akamponya. Habari zikafika Babeli, na Merodak-Baladani, mfalme wa huko, akatuma watu wenye barua na zawadi. Hezekia aliwafurahia mno. Akawatembeza katika nyumba yake ya hazina, akawaonyesha fedha na dhahabu, manukato na mafuta ya thamani, na ghala la silaha. Kitabu kinasema kwamba hapakuwa na kitu katika nyumba yake wala katika ufalme wake wote ambacho hakuwaonyesha.

Ndipo nabii Isaya akamwendea akiwa na maswali matatu. Watu hawa walisema nini? Wametoka wapi? Wameona nini nyumbani mwako? Hezekia alijibu kwamba wametoka nchi ya mbali, Babeli, na kwamba wameona kila kitu. Sisi tuliotumia miaka mingi katika chuo cha ualimu tulizoea jambo moja: mwanafunzi akiulizwa maswali matatu akajibu mawili, tazama lile aliloliruka. Hezekia hakusema hata neno moja juu ya lile la kwanza. Hakueleza wale watu walisema nini. Furaha ya kutembelewa ilikuwa imemziba masikio.

Basi, na tuyachukue maswali hayo matatu, tujiulize wenyewe.

SWALI LA KWANZA: WATU HAWA WALISEMA NINI?

Mtu anayekuja kujenga hoteli kijijini huja na maneno. Huahidi kazi, huahidi maji, pengine huahidi zahanati au darasa. Maneno hayo husemwa barazani kwa Kiswahili kitamu, lakini yale yanayofunga huandikwa kwenye karatasi, na mara nyingi karatasi hiyo ni ya Kiingereza. Wanakijiji wangapi wamepata kusomewa karatasi ile mpaka mwisho? Je, wanajua mkataba ni wa miaka mingapi? Je, wanajua njia ya wavuvi ya kushukia pwani imebaki wazi, au itafungwa kwa ukuta?

Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake ya kifalme; alitaka kulifanya bustani ya mboga. Nabothi alikataa kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake. Shamba lile halikuchukuliwa kwa upanga wa vita. Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, wazee wa mji wakatii, na Nabothi akauawa. Tangu zamani, basi, dhuluma imejua kutumia karatasi na muhuri, nao wazee wa mji wanaweza kuwa mlango wake.

Tazameni pwani ya Paje na Jambiani. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza huko mwaka 1989, nacho kiliwapa wanawake wengi fedha ya mkononi mwao. Pwani hiyo hiyo ambayo mama hufunga kamba zake za mwani maji yanapokupwa, ndiyo ambayo mgeni anataka kuogelea na kuteleza juu ya maji akivutwa na tiara. Kila mmoja ana haja yake. Lakini wakikaa barazani kugawana pwani, inafaa yule mama awepo, asikilizwe. Isiwe shauri linakatwa kisha yeye anapelekewa habari.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya utalii ambao siku hizi unaitwa utalii endelevu, yaani utalii unaodumu bila kula mtaji wake: wenyeji washirikishwe tangu mwanzo, nao wapate sehemu yao iliyo wazi. Mfano haupo mbali. Msitu wa Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo wamo kima punju, ambao hawapatikani kwa asili mahali pengine po pote duniani ila Unguja. Kima hao hawajui mpaka wa msitu; hutoka wakala mazao ya wakulima. Mkulima angekuwa na haki ya kuwachukia. Lakini sehemu ya fedha inayolipwa na wageni hurudi kwa vijiji vinavyouzunguka msitu. Mambo yote hayajanyooka, na manung'uniko yapo. Hata hivyo kanuni yenyewe ni ya haki: anayebeba hasara ya kumtunza mnyama, naye ale katika faida yake.

SWALI LA PILI: WAMETOKA WAPI?

Hezekia alijibu swali hili kwa kujivuna kidogo: nchi ya mbali! Hata leo tunahesabu wageni kwa umbali wa nchi zao. Lakini kuna jambo la kukumbuka. Aliyetoka mbali atarudi mbali, na fedha iliyotoka mbali hupenda kurudi mbali pia. Mgeni akilipa nauli, chumba na chakula chote kwa kampuni ya kwao kabla hajapanda ndege, kisha akala hotelini nyama na maji ya chupa yaliyoletwa kwa meli, fedha yake imepita juu ya kisiwa kama mvua juu ya jabali. Jabali limelowa, lakini hapakuota kitu.

Dawa yake si kumlaumu mgeni. Mwenye hoteli anunue mchicha wa Unguja, mayai ya Unguja na samaki wa ngalawa zetu. Na mkulima wetu naye ajue kwamba hoteli haiwezi kungoja mchicha mpaka kesho. Wakulima wakijiunga katika ushirika, wakapanga zamu za kupanda na kupeleka mzigo siku waliyoahidi, watauza. Kijana naye ajifunze kazi kwa cheti. Chuo cha utalii cha Maruhubi sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Si lazima mpishi mkuu atoke ng'ambo kila mara. Na wale miongoni mwetu walio na vijihoteli au mikahawa wakumbuke Yakobo mlango wa 5, kwamba ujira uliozuiliwa wa mtenda kazi hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana wa majeshi. Mfanyakazi apewe mkataba, alipwe kwa wakati, na apate nafasi ya kusali.

Kuna fundisho jingine katika neno hili "mbali." Mwaka 2020 maradhi yaliyoanza mbali yalifunga viwanja vya ndege, na idadi ya wageni wetu ikaanguka hadi karibu nusu ya ile ya mwaka uliotangulia. Mahoteli yalifungwa, na watumishi wakarudi vijijini. Aliyekuwa na shamba, au chombo cha kuvulia, au cherehani, alipata pa kushika. Aliyeuza shamba ili anunue gari la kubebea watalii alibaki analitazama gari. Kwa hiyo tusiweke mayai yote katika pakacha moja. Utalii uwe mti mmoja shambani, usiwe shamba zima.

SWALI LA TATU: WAMEONA NINI NYUMBANI MWAKO?

Hili ndilo swali zito kuliko yote. Hezekia hakupewa kosa la kuwapokea wageni. Kosa lake ni kwamba hakuacha mlango hata mmoja uliofungwa. Nyumba ya mtu mstaarabu ina baraza, ina sebule, na ina vyumba vya ndani. Mgeni hukaribishwa barazani na sebuleni kwa moyo mkunjufu. Vyumba vya ndani vina wenyewe. Je, katika nyumba yetu hii tumewaonyesha nini?

Kwanza, maji. Kisiwa hiki hunywa maji yaliyo chini ya ardhi, na yakivutwa kupita kiasi karibu na pwani, maji ya bahari huingia kisimani. Mtafiti mmoja, Stefan Gössling, alichapisha mwaka 2001 utafiti alioufanya katika pwani ya mashariki ya Unguja. Alikuta kwamba mtalii mmoja alitumia kwa wastani lita 685 za maji kwa siku, zaidi ya mara kumi ya mwanakijiji, na katika mahoteli sehemu kubwa ya maji hayo ilikwenda kumwagilia bustani. Mama anayetwika ndoo ahesabu mwenyewe ni ndoo ngapi. Nabii Ezekieli, mlango wa 34, aliwakemea kondoo wanono waliokunywa maji safi kisha wakayavuruga kwa miguu yaliyosalia, wenzao wakanywa tope. Mwenye hoteli anayekinga maji ya mvua, anayesafisha maji machafu na kuyatumia bustanini, anatii neno la nabii huyo hata kama hajapata kulisoma.

Pili, viumbe. Huko Kizimkazi, hadi miaka ya 1990, pomboo walikuwa wakivuliwa na nyama yao kufanywa chambo cha kuvulia papa. Watalii walipoanza kuja kuwatazama, wavuvi waliona kwamba pomboo aliye hai ana faida kuliko aliyekufa. Hapo utalii uliokoa maisha ya kiumbe cha Mungu, nasi tushukuru. Lakini baadaye boti zikaongezeka, zikawa zinawafukuza na kuwazingira, na wataalamu wakaona kwamba pomboo hawapati nafasi ya kupumzika na kula. Kitu kilichookolewa kwa mapenzi chaweza kuchoshwa na mapenzi hayo hayo. Ndiyo maana kila jambo jema linahitaji kiasi.

Tatu, heshima zetu. Wengi wa majirani zetu ni ndugu Waislamu. Mgeni anapopita mtaani nusu uchi wakati watu wanakwenda kusali, sisi Wakristo tusikae kimya tukidhani si shauri letu. Tumweleze kwa upole. Wageni wengi hawakuambiwa, na wakiambiwa hufurahi. Vivyo hivyo mtu aliye katika sala, awe msikitini au kanisani, si picha ya kupigwa. Nao wale vijana wanaowaandama watalii njiani, ambao mjini twawaita papasi, tusiwatukane. Papasi ni mdudu, na wale ni watoto wetu. Wengi wao wanazungumza lugha mbili tatu walizojifunza bila mwalimu. Akili hiyo yafaa iende darasani ikapate cheti.

Nne, na hapa twaomba msomaji asimame kidogo: watoto.

Ndugu zangu, Kanisa Kuu letu limejengwa mahali gani? Kila mtoto wa Komunio anajua. Hapo palikuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere alilisimamia mpaka likamalizika, na alipofariki mwaka 1882 alizikwa humo. Inasimuliwa kwamba altare imesimama palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Nje kuna mnara wa ukumbusho uliotengenezwa mwaka 1998 na mchongaji Clara Sörnäs: watu wamesimama ndani ya shimo, na minyororo shingoni. Wageni husimama hapo kimya, na wako wanaotokwa na machozi.

Nasi tukiwaonyesha wageni mahali watu walipouzwa zamani, je, mtu aweza kuuzwa leo nyuma ya mgongo wetu? Mwaka 2006 Serikali ya Kenya na UNICEF walitoa taarifa juu ya watoto wa kike waliokuwa wakitumiwa kwa zinaa katika pwani ya Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani. Taarifa ile ilieleza jambo la kutuaibisha sote: wanunuzi hawakuwa watalii peke yao. Wenyeji walikuwamo. Pwani ile na hii yetu ni pwani moja. Upepo ni mmoja na majaribu ni yale yale. Mtoto akitolewa skuli auze shanga ufukweni, amewekwa mahali ambapo mtu mwovu hujua pa kumtafuta. Akirudi usiku na simu mpya, na mzazi asiulize imetoka wapi, mzazi huyo amejibu kama Hezekia: ameliruka swali.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamlinda mtoto. Lakini sheria haina macho. Sisi ndio macho yake. Anayejua habari ya mtoto anayetumiwa vibaya aende kwa sheha, aende polisi, aende kwa padre, wala asiogope kwamba biashara itaharibika. Biashara inayohitaji kimya cha namna hiyo ni soko lile lile la zamani, limebadilisha mahali tu.

NENO LA HEZEKIA

Isaya alipokwisha kuuliza, alitoa hukumu. Siku zitakuja, hazina zote zitachukuliwa Babeli, kisibaki kitu. Tena baadhi ya wana wa mfalme watachukuliwa wawe matowashi katika jumba la mfalme wa Babeli. Tafakarini neno hilo. Watoto wa mwenyeji watakuwa watumishi katika nyumba ya mgeni.

Hezekia akajibu nini? Hakurarua mavazi yake. Alisema kwamba neno la Bwana ni jema, kwa sababu katika siku zake yeye kutakuwa na amani. Huyu ni mtu aliyelia machozi alipoambiwa atakufa yeye. Alipoambiwa wataangamia wanawe, hakulia.

Hiyo ndiyo dhambi ambayo utalii usio na kiasi hutushawishi kuitenda. Mikoko ikatwe, mchanga uchotwe, mwamba uvunjwe na nanga, pwani yote ipangwe kuta. Mradi siku zetu sisi kuna fedha. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Bibi Gro Harlem Brundtland wa Norway ilieleza kwamba maendeleo ya kweli ni yale yanayotimiza haja za watu wa leo bila kuwanyima watu wa kesho uwezo wa kutimiza zao. Dunia ililiona jambo hilo kuwa jipya. Lakini Torati ilikuwa imekwisha kulisema. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mtu akikuta kiota chenye mama na makinda au mayai, aweza kuchukua makinda, lakini ni lazima amwache mama aende zake. Amri hiyo ina ahadi: upate heri na siku nyingi. Kula matunda ya uumbaji kumeruhusiwa. Kumla mama kumekatazwa.

Kuna kisiwa kidogo ambacho wengi wetu tumekiona tukivuka kwa boti kwenda Dar es Salaam, nacho ni Chumbe, chenye mnara wa taa. Mwamba wake wa matumbawe ulifanywa hifadhi mwaka 1994. Wavuvi walifundishwa kuwa walinzi wake. Nyumba za wageni ni 7 tu, nazo hukinga maji ya mvua kwa mapaa yake yenyewe, na watoto wa skuli hupelekwa huko kujifunza elimu ya bahari. Mwamba unaolindwa hivyo ni kitalu cha samaki. Samaki huzaliana humo, wakavuka mpaka, na mvuvi wa nje akapata. Twakitaja kisiwa hicho kwa sababu ya ile idadi ya 7. Mahali fulani mtu alisema: imetosha. Neno hilo "imetosha" ni zito kulitamka mbele ya fedha, na bila hilo hakuna utalii utakaodumu.

YATUPASAYO

Tuyaache maneno ya jumla. Katika Parishi yetu tunaweza kuanza na haya:

1. Wazazi: mtoto kwanza skuli. Hakuna mtoto wa Kanisa aonekane ufukweni saa za masomo.

2. Wafanyakazi wa mahoteli na waongoza wageni: semeni kweli. Msimwambie mgeni hadithi za uongo juu ya historia yetu ili awape bakhshishi. Nanyi mdai haki zenu kwa adabu na kwa umoja.

3. Wazee wa Kanisa: wageni wapokewe vizuri, lakini saa za ibada mlango uwe wa ibada. Bwana wetu alizipindua meza za wabadili fedha Hekaluni, tusizirudishe sisi. Na kila fedha itokayo kwa wageni isomwe hesabu yake wazi mbele ya Halmashauri ya Parishi.

4. Akina Mama: mlio na bustani na ufundi wa mikono, jiungeni. Kapu moja halimshughulishi mwenye hoteli. Makapu hamsini yatamwita mwenyewe.

5. Kila Mkristo katika shehia yake: hoteli mpya ikitajwa, nenda barazani, uulize maswali matatu: maji yatatoka wapi, taka zitakwenda wapi, na njia ya pwani itapita wapi. Uliza pamoja na jirani yako Mwislamu, kwa maana kisima kikiingia chumvi hakibagui dini.

6. Sote: tusitupe taka pwani kisha tukamlaumu mtalii.

Ndugu wapendwa, twamalizia na neno moja kutoka Mambo ya Walawi, mlango wa 25. Mungu aliwaambia Israeli kwamba nchi isiuzwe moja kwa moja, kwa sababu nchi ni yake, nao ni wageni na wapitaji kwake. Hapo ndipo penye msingi wa yote tuliyoyasema. Tulidhani sisi ni wenyeji na wao ndio wageni. Mbele za Mungu sisi nasi ni wageni, tumekaribishwa katika kisiwa ambacho hatukukiumba. Mwamba, msitu, maji na watoto ni vyake. Mgeni mwenye adabu hauzi vyombo vya mwenye nyumba, na akiondoka hukiacha chumba safi kwa ajili ya yule ajaye nyuma yake.

Basi Jumapili hii mtakapopiga magoti altareni, palipokuwa soko, kumbukeni kwamba pale hakuna anayeuza wala anayenunua. Mzungu aliyefika jana na mzee wa Mkunazini aliyezaliwa hapa wananyoosha mikono mitupu mbele ya Mwenyeji mmoja, naye huwapa bure.

Ee Mungu Baba, uliyeviumba visiwa na bahari, utufundishe kuwapokea wageni bila kuuza urithi wa watoto wetu. Uwalinde wadogo wasitekwe na wenye tamaa. Uwape viongozi wetu moyo wa kusema imetosha mahali panapotosha. Na utusaidie sisi sote tukumbuke kwamba tu wapitaji. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.